Dadu ya Pande 20: Inatupwa Lini, na Inasomwaje?

Umealikwa kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa Marekani uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974. Kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja, na kiongozi wa mchezo anasimulia kisa na kuwaigiza wengine wote. Hujakaa vizuri, unaambiwa: "Tupa dadu." Dadu gani? Ya nini?

Seti ya kawaida ina dadu saba za maumbo tofauti, lakini inayoamua kama umefaulu ni moja, ile ya pande 20. Nyingine kazi yake kubwa ni kuhesabu majeraha. Ya ludo ina pande sita tu, haitakufaa hapa. Usikimbilie kununua: zipo programu za simu za bure. Hata vikaratasi 20 ndani ya kikombe vinatosha, vyenye namba 1 hadi 20, mradi kila ulichochomoa ukirudishe kabla ya kuchomoa tena. Kanuni za msingi nazo zinasomwa bure kwenye intaneti. Tangu Januari 2023 sehemu yake kubwa iko chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuinakili na hata kuitafsiri, mradi ataje ilikotoka.

Tuchukue toleo la tano, lililotoka 2014. Mhusika wako anataka kupanda ukuta wa ngome usiku, mvua inanyesha. Kiongozi anapanga kiwango cha ugumu, yaani namba unayotakiwa kuifikia: 10 kwa jambo rahisi, 15 la wastani, 20 gumu. Huu ukuta ni 15. Unatupa dadu, unajumlisha nyongeza yako, na ukipata 15 kamili au zaidi umepanda.

Nyongeza unaitoa kwenye karatasi ya mhusika. Ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba, na kila moja ina alama zake. Toa 10 kwenye alama, gawanya kwa mbili, na ikibaki nusu shusha. Nguvu 16 inakupa 3. Nguvu 9 inakupunguzia 1. Kama amefunzwa kazi hiyo, anayeanza anaongeza 2 nyingine. Basi mpandaji wetu ana 5. Dadu ikionyesha 9, jumla ni 14: amekosa kwa moja.

Je, ameanguka? Si lazima, na hapa ndipo wageni wengi wanapokata tamaa bure. Kukosa maana yake hajasogea, au amesogea na balaa juu yake. Pengine amefika juu, ila jiwe limeporomoka na mlinzi amegeuka. Kwangu mimi hilo la pili ndilo linalonogesha mchezo.

Basi dadu itupwe lini? Matokeo yanapokuwa na shaka na kukosa kuna gharama. Kufungua mlango usio na kufuli hakuhitaji dadu. Kuruka hadi mwezini pia, maana hakuwezekani. Wewe sema mhusika anafanya nini na kwa njia gani, kisha subiri kiongozi aombe dadu. Ukitupa kabla hajaomba, namba hiyo haina kazi.

Mazingira nayo yana sehemu yake. Mwenzako akikushushia kamba, kiongozi anaweza kukuruhusu utupe mara mbili uchukue namba kubwa. Ukuta ukiwa umepakwa mafuta, unatupa mara mbili unachukua ndogo. Usidharau kamba hiyo: mpandaji wetu anahitaji dadu imwonyeshe 10 au zaidi, nafasi ya asilimia 55. Akisaidiwa inafika karibu 80, na kwenye mafuta inashuka hadi 30 hivi.

Utawasikia watu wakishangilia 20 inapotoka. Katika kushambulia wana haki, kwani 20 hupiga tu hata adui awe na ngao gani, na 1 hukosa. Ila katika majaribio kama ya ukuta, kanuni haziipi 20 ushindi wa moja kwa moja. Bado unajumlisha na kulinganisha. Hata hivyo meza nyingi huipa ushindi, kwa raha yao. Muulize kiongozi mapema meza yenu inafuata ipi.