Saratani ya Tezi Dume Ikirudi: Kabla ya Kuchagua Mionzi au Sindano

Saratani ya tezi dume ikirudi, mara nyingi maabara huijua kabla ya mwili. Mzee anakula, analala, anakwenda shambani, ila PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imepanda. Nyumbani mmoja anataka tiba kali leo hii, mwingine anasema apewe sindano tu asisumbuliwe. Msiamue siku hiyo.

Kwanza, hakikisheni imerudi. Rudieni kipimo, ikiwezekana maabara ileile. Kwa aliyetolewa tezi, PSA ya nanogramu 0.2 kwa mililita au zaidi, ikithibitishwa mara ya pili, huhesabiwa kuwa ugonjwa umerudi. Kwa aliyetibiwa kwa mionzi, chukueni kiwango cha chini kabisa alichowahi kufika, mjumlishe 2. Aliyeshuka hadi 0.5 basi mpaka wake ni 2.5.

Pili, angalieni kasi. Hapa ndipo pa kukaa na daktari muda mrefu. Kusanyeni majibu yote ya PSA pamoja na tarehe zake, na ile ripoti ya kinyama iliyoandikwa alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani. Kisha ulizeni: inachukua muda gani kuongezeka maradufu? Kutoka 0.2 hadi 0.4 kwa miezi minne ni habari tofauti kabisa na kufika hapo kwa miaka miwili. Mzee wa miaka 82 mwenye moyo dhaifu, PSA yake ikipanda polepole, anaweza kufuatiliwa kwa vipimo tu, na huko si kumtelekeza. Lakini maradufu ndani ya miezi michache, au Gleason ya 8 kwenda juu, hakuna kungoja.

Tatu, tafuteni ugonjwa uliko. PSA ikiwa chini, CT na picha ya mifupa mara nyingi hazioni kitu. Kipimo cha picha cha PET cha PSMA huona zaidi, nacho Nairobi kinapatikana, ila ni ghali. Kukikosa kusiwe sababu ya kuahirisha mionzi.

Nne, jueni kila tiba inaweza nini. Kwa aliyefanyiwa upasuaji, na ugonjwa haujasambaa, mionzi bado ina nafasi ya kuponya. Nafasi hiyo ni kubwa zaidi PSA ikiwa haijapita 0.5, na hupungua kadiri mnavyosubiri. Mara nyingi ni wiki sita hadi saba, siku tano kila wiki, na wengine huongezewa dawa za homoni kwa miezi 6 hadi 24. Kibofu na njia ya haja kubwa vinaweza kuumia. Aliyekwisha pigwa mionzi ana njia ngumu zaidi: kuitoa tezi iliyoungua huwaacha wengi na mkojo usiozuilika.

Sindano kama goserelini, ya kila mwezi au kila miezi mitatu, hushusha homoni ya kiume inayolisha saratani. Peke yake haiponyi, huzuia. Na hilo neno "tu" silipendi: hamu ya tendo la ndoa huisha, joto hupanda ghafla, misuli hupungua, mifupa hulegea, sukari huweza kupanda. Ulizeni kuhusu kuichoma kwa vipindi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wa waliorudiwa na ugonjwa baada ya mionzi, ulionyesha waliopumzishwa waliishi takribani sawa na waliochomwa mfululizo: miaka 8.8 kwa 9.1.

Sindano inaweza kuanzwa hata baadaye. Mionzi ya kuponya haina subira hiyo, ndiyo maana ijadiliwe kwanza.

Tano, pigeni hesabu ya malazi. Anayetoka Songea kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, anahitaji pa kulala wiki zote hizo na mtu wa kumsindikiza. Ulizeni bima inalipa nini kabla ya kukata tiketi.

Mwisho, mpeni mzee nafasi na daktari, wawili peke yao. Mbele ya watoto na wakwe hatasema kama anachoogopa zaidi ni kujikojolea msikitini au kukosa nguvu za kiume. Mama, mkewe, naye aulizwe, kwa wakati wake.