SHIMO LA MAJI MACHAFU NA KISIMA



Leo tunataka kuongea juu ya maji tunayomwaga. Maji ya kuoshea sahani, ya kufulia, ya kuoga, ya kuosha vitambaa vya mtoto: inaenda wapi? Wengi watajibu: «Inaingia chini, inaisha.» Sisi pia tulijibu hivyo. Lakini wakati wa likizo tulipima parseli ya mmoja wetu kwa hatua. Shimo la maji ya jikoni na ya kuogea liko nyuma ya nyumba. Toka pale mpaka kisima tulihesabu hatua 9. Na watu wa nyumba sita wanachota kwenye kile kisima.

Ndipo tulikumbuka habari moja ya zamani tuliyofundishwa katika biolojia. Tunaiandika hapa ili kila mtu aifahamu.

1. Habari ya nyumba namba 40

Mwaka 1854, mjini London, kulikuwa pompi moja ya maji kwenye barabara iliyoitwa Broad Street. Watu waliipenda sana, kwa sababu maji yake ilionekana safi na tamu kuliko ya pompi zingine. Mwisho wa mwezi wa nane kolera ikaingia katika kartie ile. Kwa siku 10 tu, watu zaidi ya 500 walikufa karibu na pale. Mwishoni walihesabu wafu 616.

Munganga mmoja, John Snow, alikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza kila familia inachota wapi. Aliona kwamba wafu wengi walikunywa maji ya ile pompi. Akawaeleza wakubwa wa mtaa, na tarehe 8 mwezi wa tisa waliondoa mpini wa pompi. Lakini wengi hawakumwamini. Walisema ugonjwa unatoka katika harufu mbaya ya hewa.

Mchungaji kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead, naye hakuamini. Alianza kuchunguza ili aonyeshe kwamba munganga amekosa. Yeye alijua familia zile, aliwazuru wagonjwa, kwa hiyo watu walimjibu bila kuficha. Kadiri alivyouliza, ndivyo alivyoona kwamba Snow alisema kweli. Mwaka 1855 alisoma katika kitabu cha wafu habari ya mtoto mchanga wa miezi mitano, wa nyumba namba 40, karibu kabisa na pompi. Mtoto huyu alianza kuhara mbele ya wengine. Mchungaji akamwendea mama yake na kumwuliza: maji ya kuoshea vitambaa ulimwaga wapi? Mama akajibu: mengine katika shimo la choo lililo chini, upande wa mbele wa nyumba.

Wakachimba. Matofali ya shimo yalikuwa yameoza, yanatoka kwa mkono bila nguvu. Toka shimo mpaka kisima cha pompi haikufika metre 1, na udongo wa katikati ulikuwa umelowa uchafu. Wakaguzi wa kwanza walikuwa wameangalia ndani ya kisima tu, wakasema matofali yake ni mazima. Hakuna aliyefungua shimo la jirani.

Yule mama hakuwa na kosa la moyo. Alifanya usafi, aliosha vitambaa vya mtoto wake mgonjwa. Kosa lilikuwa la shimo: lilijengwa vibaya, mahali pabaya, na hakuna mtu aliyelitazama. Na siku ile ile mpini ulipoondolewa, baba wa mtoto naye alishikwa na kolera. Maji yake machafu ikaingia shimo lile lile. Kama pompi ingekuwa inafanya kazi bado, wangekufa wengine wengi.

2. Sababu gani udongo haukuzuia?

Udongo ni kama kichujio. Udongo laini unapitisha maji polepole, na mikrobi nyingi zinabaki njiani ama zinakufa. Lakini kichujio kinahitaji urefu na wakati. Shimo likiwa karibu, ama udongo ukiwa wa mchanga na kokoto, ama jiwe likiwa na nyufa, maji inapita mbio na mikrobi ndani yake. Tena wakati wa mvua maji ya chini inapanda. Shimo lililokuwa kavu wakati wa jua linaweza kukutana na maji ya kisima. Macho hayatasaidia kitu: maji ya Broad Street ilionekana safi.

Na sisi wa Kongo tusiseme ni habari ya Ulaya tu. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi wengi sana walifika Goma. Kule chini ni mawe ya volkano, kuchimba choo ni kazi ngumu, na watu walichota maji ya ziwa Kivu bila kuichemsha. Kwa mwezi mmoja karibu watu 50 000 walikufa, wengi kwa kolera na kuhara damu.

3. Mambo ya kufanya

a) Choo na shimo la maji machafu viwe mbali na kisima, metre 30 kwa uchache. Ni kama hatua 40 za mtu mzima.
b) Kwenye mulima, shimo liwe upande wa chini wa kisima, si juu.
c) Chini ya shimo pabaki metre 1 na nusu mbele ya kufika kwenye maji ya ndani ya udongo.
d) Usichimbe shimo chini ya nyumba wala karibu na msingi wa ukuta. Udongo ukilowa, ukuta unapasuka.
e) Mfereji wa mvua ni wa mvua. Usiunganishe humo maji ya kufulia, sababu itatokea kwa jirani.
f) Kama parseli ni ndogo na hatua 40 hazipatikani, chemsha maji ya kunywa, ama chota kwingine.

4. Na ile parseli?

Tulimwambia mzee mwenye nyumba. Alijibu kwamba shimo lile lilichimbwa na baba yake, na simenti iko bei. Tukamwambia: vijana wa kuchimba tuko. Upande wa chini tulipata hatua 31 tu. Ni afadhali kuliko 9, lakini haijatosha. Basi mama wa nyumba aliweka sheria: maji ya kunywa inachemshwa kila siku. Nyumba tatu zimefuata. Mbili bado zinasema: «Maji yetu iko safi, angalieni wenyewe.»

Maswali

1. Sababu gani wakaguzi wa kwanza hawakuona kosa?
2. Mchungaji Whitehead alianza na wazo gani, na nini kilimbadilisha?
3. Kwenu, toka shimo mpaka kisima ni hatua ngapi? Pima, uandike, ulete darasani.