Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo: Maombi Huanzia Saiti

Tuzo nyingi za usanifu majengo humpa sifa mtu mmoja, aghalabu mwenye ofisi. Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, iliyoanzishwa mwaka 1977 na kutolewa kila baada ya miaka mitatu, ina mwenendo wake. Jengo likishinda, hutambuliwa pia mteja, mhandisi, mkandarasi, fundi mkuu, hata halmashauri ya mji ikiwa ilitia mkono. Fedha zake ni dola za Marekani milioni 1. Hugawanywa kwa miradi iliyoshinda, na majaji ndio wanaoamua ni nani katika kila mradi anastahili fungu. Kwa hiyo anayetaka kuiomba lazima aweze kusema, kwa maandishi, ni akina nani hasa walioleta jengo lake duniani. Ofisi nyingi hukwama hapo hapo.

Tuanze na nani anaruhusiwa. Mradi unaweza kuwa katika nchi yoyote, ili mradi unajibu mahitaji ya jamii ambamo Waislamu ni sehemu kubwa ya watu. Zanzibar, Lamu, Mombasa, Tanga na Kilwa zimo bila ubishi. Si lazima jengo liwe msikiti, wala mbunifu awe Mwislamu. Ukubwa na gharama havina kiwango: vimeshinda viwanja vya ndege, na zimeshinda shule za udongo. Kinachotakiwa ni kwamba jengo limekamilika ndani ya miaka inayotangazwa kwa awamu husika, na limetumika kwa angalau mwaka mmoja kamili. Kama ulikabidhi funguo mwezi uliopita, subiri.

Kuna katazo moja linalowagusa watu wa Afrika Mashariki kuliko wengine. Miradi iliyofanywa kwa ajili ya Aga Khan mwenyewe au taasisi za mtandao wake wa maendeleo haipokelewi. Kwetu taasisi hizo zina hospitali, shule na majengo ya kale yaliyokarabatiwa nazo, kama ile Zahanati ya Kale iliyopo ufukweni Mji Mkongwe, Zanzibar. Kama mteja wako ni mojawapo ya taasisi hizo, usipoteze muda wako.

Njia za kuingia ni mbili. Kuna wapendekezaji walioteuliwa sehemu mbalimbali duniani, ambao majina yao hayatangazwi, na kuna maombi ya moja kwa moja yanayofuata taratibu zilizochapishwa na ofisi ya tuzo. Wapo wanaohangaika kutafuta ni nani mpendekezaji ili wamkaribishe chai. Ni bora saa hizo zitumike kupanga faili. Majaji, ambao ni jopo huru, hupitia mamia ya miradi na kuchuja michache. Katika awamu iliyoisha 2025 ilibaki 19, mmoja ukiwa chuo cha Startup Lions huko Turkana, Kenya, kilichosanifiwa na ofisi ya Francis Kéré. Saba ndiyo iliyotangazwa kuwa washindi, na sherehe ikafanyika Bishkek, Kirigizistani.

Baada ya mchujo ndipo hutumwa wakaguzi. Mkaguzi si mgeni wa kupigwa picha na kuondoka. Ni mtaalamu anayefika kwenye jengo, akapima, akauliza bili ya maji na umeme, akazungumza na wanaolitumia, kisha akarudi kuwaeleza majaji alichokiona. Ataongea na mlinzi. Atamuuliza mwalimu ni darasa gani halikaliki saa nane mchana. Paka rangi kama ilikuwa imepangwa, lakini usifiche ukuta uliopasuka. Eleza umepasuka kwa nini na umefanya nini. Jengo lenye kasoro iliyoelezwa huaminika kuliko lile ambalo kila mtumiaji amefundishwa jibu.

Sasa faili lenyewe. Michoro, picha na makadirio ya gharama kila ofisi inazo. Sehemu inayopwaya ni ile ya ushirikiano, kwa sababu huandikwa mwishoni na mtu aliyekuwa mezani, kwa maneno kama "jamii ilishirikishwa kikamilifu". Sentensi hiyo haina mtu ndani yake. Itazame Shule ya Msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyoshinda mwaka 2004. Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, aliisanifu akiwa bado mwanafunzi Berlin, akachangisha fedha kupitia chama alichokianzisha na rafiki zake. Wanakijiji ndio waliojenga: watoto walibeba mawe ya msingi, wanawake walileta maji ya kufyatulia matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Bati limeinuliwa juu ya dari, likashikwa na fremu ya nondo ambazo mafundi wa hapo waliweza kuzichomelea wenyewe, na hewa ya joto hupita katikati na kutoka. Ukisoma maelezo hayo unajua nani alifanya nini, na unajua pia kwa nini paa lina umbo lile: lilifuata uwezo wa mikono iliyokuwepo.

Hivyo ndivyo maelezo yako yanavyopaswa kuwa. Tuseme mmejenga shule ya pwani kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Kama fundi wa chokaa alikataa plasta ya saruji kwa sababu ingefungia chumvi na unyevu ukutani, na mchoro ukabadilishwa, basi andika hivyo, ukitaja jina lake, tarehe ya kikao, na mchoro kabla na baada. Kama kamati ya kina mama ilihamisha jiko kwa sababu kusi ingeleta moshi madarasani, hilo ni jambo la usanifu na mwenye wazo atajwe. Mhandisi aliyepunguza nondo, mkadiriaji majenzi aliyeokoa bajeti, ofisa wa halmashauri aliyekubali kutoa kibali kwa ujenzi usiozoeleka: kila mmoja na mstari wake.

Kumbukumbu hizi hazipatikani miaka miwili baadaye. Weka daftari la saiti, na muhtasari wa kila kikao uwe na majina kamili, si "fundi Juma" peke yake. Picha za kundi la WhatsApp zihamishwe kwenye diski kila mwezi, zikiwa na tarehe, kabla simu ya msimamizi haijaibiwa. Pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mpiga picha, maana picha ulizolipia bado zinaweza kuwa na haki zake.

Limebaki jambo gumu, nalo ni makubaliano. Kabla ya kutuma chochote, mteja akubali kwa barua kwamba mkaguzi ataingia na kuona kila chumba. Kisha waite wote waliomo kwenye orodha, wasomewe maelezo yao kwa Kiswahili, na kila mmoja athibitishe jina lake linavyoandikwa na kazi anayotajiwa. Asiyekubali maelezo aseme hapo hapo. Waelezwe pia kwamba mgawanyo wa fedha uko mikononi mwa majaji, ili asitokee wa kuahidi mafungu asiyokuwa nayo. Kikao hiki kikisubiri hadi mradi utajwe magazetini, kila mtu atakumbuka mchango wake ukiwa mkubwa zaidi ya ulivyokuwa. Muhtasari wenye sahihi za wote uingie kwenye faili pamoja na michoro, na nakala yake ibaki kwa mteja.