Timu ikishindwa mfululizo, chunga moyo wako na nyumba yako

JE, umewahi kukosa usingizi kwa sababu timu unayoipenda imeshindwa? Umewahi kumfokea mtoto aliyekuuliza swali dogo tu, kumbe hasira yako ilikuwa juu ya mchezaji ambaye hata hakujui? Kama ndivyo, usione haya. Hali hiyo huwapata wengi, wazee kwa vijana, na ina sababu zake mwilini.

Katika somo la wiki hii tutaangalia jinsi shabiki anavyoumia timu yake inapopoteza mechi baada ya mechi, hasa mwanzoni mwa msimu, na jinsi anavyoweza kujikinga. Kwa mfano tutakwenda mbali kidogo, hadi mji wa Baltimore nchini Marekani, ambako mashabiki wa besiboli waliwahi kuonja uchungu huu kuliko mashabiki wengine wote wa ligi kuu ya nchi hiyo.

Vipigo 21

Kwa msomaji asiyeujua, besiboli ni mchezo wa timu mbili zenye wachezaji tisa kila upande. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na mpinzani hujaribu kuupiga kwa gongo kisha akimbie kuzunguka vituo vinne ili apate alama. Jambo la kukumbuka ni kwamba kila timu ya ligi kuu hupangiwa mechi 162 kwa msimu, na huchezwa karibu kila siku. Shabiki wa kandanda akifungwa Jumamosi hupata wiki nzima ya kupoa. Shabiki wa besiboli hutoneshwa kidonda kesho yake.

Timu ya Baltimore Orioles ilikuwa bingwa mwaka 1983. Mnamo Aprili 4, 1988, mashabiki zaidi ya 52,000 walijaa uwanjani kufungua msimu wakiwa na matumaini. Timu yao ilichapwa 12-0. Ikapoteza ya pili, ya tatu, hadi ya sita, na hapo meneja, Cal Ripken Mkubwa, akafutwa kazi, ilhali wanawe wawili walikuwa wachezaji wa timu hiyo hiyo. Nafasi yake ilichukuliwa na Frank Robinson, aliyekuwa mchezaji hodari sana wakati wake. Hata hivyo vipigo viliendelea hadi vikafika 21 mfululizo. Hakuna timu nyingine ya ligi kuu ya Marekani iliyowahi kuanza msimu vibaya hivyo.

Mtangazaji wa redio mjini humo, Bob Rivers, aliapa kwamba hangetoka hewani mpaka timu ishinde. Alidhani ni mzaha wa siku moja au mbili. Alikaa studio saa 258, yaani karibu siku 11, akiibia usingizi muziki ulipokuwa ukipigwa. Watu walicheka, lakini daktari yeyote angemwonya. Binadamu asiyelala vya kutosha huwa mwepesi wa hasira, husahau, na shinikizo la damu yake huweza kupanda.

Mwili haujui kwamba ni mchezo

Unapotazama timu yako ikielekea kushindwa, ubongo hupeleka habari ya hatari. Tezi mbili zilizo juu ya figo humimina homoni za adrenalini na kortisoli katika damu. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hubana, misuli hukaza. Haya yote ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Lakini wewe umeketi kwenye kiti. Hupigani na mtu wala hukimbii, na nguvu hiyo yote hubaki mwilini bila kazi.

Mara moja si neno kwa mtu mwenye afya. Ikirudiwa kila siku kwa majuma kadhaa, usingizi huharibika, tumbo huvurugika, kichwa huuma, na mwenye presha hupata taabu zaidi.

Kandanda, ambayo wengi wetu tunaifuata, imetupa ushahidi. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari katika eneo la Munich, Ujerumani, walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo. Siku ambazo timu ya taifa lao ilicheza, idadi ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida. Wanaume waliathirika kuliko wanawake, na waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Nako Uingereza, timu yao ilipotolewa na Argentina kwa mikwaju ya penalti Juni 30, 1998, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo waliongezeka kwa asilimia 25 siku hiyo na siku mbili zilizofuata.

Homoni za kiume nazo huguswa. Watafiti walipima mate ya wanaume waliokuwa wakitazama fainali ya 1994 kati ya Brazil na Italia. Baada ya mechi, homoni ya testosteroni ilikuwa imepanda kwa mashabiki wa Brazil walioshinda, na kushuka kwa wale wa Italia. Hawakuwa wamegusa mpira hata mara moja.

Hasira huingia nyumbani

Hapa ndipo somo letu linapokuwa zito. Mwaka 2011, watafiti wawili wa Marekani, David Card na Gordon Dahl, walichapisha uchunguzi wa ripoti za polisi na matokeo ya kandanda ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi. Waligundua kwamba timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda iliposhindwa, visa vya wanaume kuwapiga wake au wapenzi wao viliongezeka kwa asilimia 10. Vingi vilitokea karibu na saa ya mwisho wa mechi.

Lakini soma kwa makini: timu ilipopoteza mechi ambayo watu walitarajia iwe ngumu, ongezeko hilo halikuonekana. Maana yake ni kwamba kushindwa peke yake si sumu. Kinachouma ni pengo kati ya ulichotarajia na ulichopata. Ndiyo sababu vipigo vya mwanzo wa msimu huchoma zaidi. Wakati huo kila shabiki amejaa matumaini mapya na hajajiandaa kwa lolote.

Hata hivyo, pengo hilo si kisingizio kwa yeyote anayeinua mkono. Timu haimpigi mtu nyumbani. Anayepiga ni mwenye mkono, naye ndiye wa kuwajibika.

Tumbo pia hulipa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika miji ambayo timu yake ilishindwa Jumapili, watu walikula mafuta mabaya zaidi kwa asilimia 16 siku ya Jumatatu. Walioshinda walipunguza kwa asilimia 9. Jambo la kutia moyo ni kwamba watu walipoombwa kwanza wafikirie mambo wanayoyathamini maishani, hamu hiyo ya kujifariji kwa chakula ilitoweka.

Mashabiki wa Baltimore walifanya nini?

Orioles walishinda mechi yao ya kwanza mjini Chicago Aprili 29, kwa alama 9-0, kisha wakapoteza mbili nyingine. Walirudi nyumbani Mei 2 wakiwa wameshinda mara 1 na kushindwa mara 23. Ungedhani uwanja ungekuwa mtupu. Badala yake walikuja watu 50,402, wakaimba, wakacheka na kushangilia kana kwamba timu ni bingwa. Usiku huo timu ilishinda.

Msimu haukuokoka, kwani walimaliza na ushindi 54 dhidi ya vipigo 107. Lakini tazama walichofanya watu hao. Hawakuacha kuipenda timu, ila waliacha kuidai ushindi. Walibadilisha matarajio yao, na walibeba uchungu pamoja badala ya kila mmoja kuubeba peke yake gizani. Mwaka uliofuata, 1989, timu hiyo hiyo ilishinda mechi 87 na kumaliza ya pili katika kundi lake.

Mashabiki wa Gor Mahia hapa kwetu wanaelewa. Baada ya taji la ligi la 1995 walingoja hadi 2013 kupata jingine. Aliyevumilia miaka hiyo yote hakuvumilia kwa kuvunja vyombo.

Mambo saba ya kufanya

1. Kabla ya mechi, jiambie kwa sauti kwamba timu inaweza kushindwa. Kufanya hivyo ni kupunguza pengo tulilotaja, wala si kuitakia timu mabaya.

2. Mechi ikiisha vibaya, tembea dakika 20 au 30 kabla ya kuzungumza na yeyote kuhusu jambo zito. Homoni zilizomiminwa zinataka kazi, nawe wape miguu kazi hiyo. Ikiwa ni usiku na njia si salama, fagia au osha vyombo.

3. Usinywe pombe ili kusahau. Pombe huondoa breki za hasira na huharibu usingizi.

4. Usitazame marudio ya makosa usiku wa manane. Zima televisheni na simu angalau saa moja kabla ya kulala.

5. Usiweke kamari pesa za karo au za unga. Aliyebashiri hupoteza mara mbili, timu na pesa, na hasira yake huwa maradufu.

6. Kama una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, usiruke dawa siku ya mechi. Ukisikia maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, jasho baridi au kukosa pumzi, usingoje filimbi ya mwisho. Nenda hospitali mara moja.

7. Tazama pamoja na watu wanaojua kucheka. Daniel Wann, mtafiti wa saikolojia ya mashabiki, ameonyesha kwamba wanaojihisi sehemu ya timu ya kwao huwa na upweke mdogo. Faida hiyo hutokana na kuwa pamoja na wenzako, kwa hivyo hata vipigo haviwezi kuiondoa.

Jipime mwenyewe

Jibu maswali haya kwa ukweli. Je, huzuni ya timu imekaa nawe zaidi ya majuma mawili? Umepoteza hamu ya kula au ya kazi? Watu wa nyumbani hunyamaza unapoingia baada ya mechi? Umewahi kumpiga mtu au kuvunja kitu? Umewahi kufikiri afadhali kufa?

Ukijibu ndiyo hata kwa moja, tatizo limekwisha kupita mchezo. Mara nyingi mtu husema ni timu, kumbe ni deni, kazi iliyopotea au msiba usioliliwa. Zungumza na daktari, muuguzi au mshauri wa kituo cha afya kilicho karibu. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usibaki peke yako. Mwambie mtu leo hii na muende pamoja hospitalini. Na anayepigwa nyumbani asingoje msimu uishe, kwani nambari ya 1195 hupokea simu bila malipo.

Mama au baba unayesoma haya, usimcheke mwenzako anayehuzunika kwa ajili ya timu. Huzuni yake ni ya kweli hata kama chanzo chake unakiona kidogo. Mpe chai, mpe nafasi, kisha mkumbushe kwamba kuna mechi nyingine. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na hilo huwahusu mashabiki pia.