Slivu Nne za Pijo

Pijo yangu ni 504 yenye injini ya XN1, ile ya sentimita za ujazo 1971. Niliinunua ikiwa inakula oili na kufuka moshi wa bluu kila nikiondoa mguu kwenye akseleta. Vijana wa mtaani wakaniuliza kama nitaifunga kabureta mbili, maana Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 kwa 504. Mimi huvuka nayo daraja la Nyali saa kumi na moja jioni, foleni haisogei. Nilichohitaji mimi ni injini isiyochemsha.

Neno la kwanza: ukishafungua hedi, usizungushe kranki. Silinda za injini hii ni slivu nne za kuchomeka, zimezungukwa na maji, na kinachozikandamiza ni hedi peke yake. Pistoni ikipanda huinyanyua slivu, sili ya chini ikahama. Mara ya kwanza nilitaka kutengeneza vali tu, nikazungusha nusu duru nichungulie pistoni ya tatu. Sikuona kasoro, nikafunga. Siku ya nne nikachomoa kijiti cha oili, kimetoka na rangi ya chai ya maziwa.

Basi ikabidi injini ishuke yote. Slivu, pistoni na ringi nilizipata Grogan, Nairobi, seti moja ya milimita 88. Kila pistoni ina slivu yake, usizichanganye. Kranki ilikwenda kusagwa na kurudi na beringi za ovasaizi, hapo hapakuwa na hadithi.

Hadithi ni kuzisimamisha slivu. Kutu na magadi ya maji yakibaki kidogo tu pale slivu inapokalia, umekwisha. Nilikwangua siku mbili. Kila slivu lazima ichomoze juu ya bloku kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu, na zote nne zilingane. Ikiwa fupi unaweka sili nene zaidi. Mimi nilikuwa na saa ya kupimia. Mzee mmoja fundi niliyekuwa naye akapitisha ukucha, akasema, "Ya pili iko chini, mwanangu." Nikapima, kweli. Zilipolingana tukazibana kwa bolti na washa pana, ndipo tukathubutu kuzungusha.

Nilichoboresha ni kidogo. Viti vya vali za egzosti vilikuwa vimezama, nikaweka vya chuma kigumu, kwa kuwa petroli yenye risasi iliyokuwa ikivikinga haiuzwi Kenya tangu 2006. Pointi za distribyuta nilizitoa, nikafunga mfumo wa elektroniki. Rejeta ilifunguliwa na kusafishwa mirija. Feni ya Pijo hushikwa na sumaku ya umeme maji yakipata moto. Mafundi wengi huikaza kwa skrubu izunguke daima. Yangu nimeirudishia waya na swichi yake, na injini imekuwa nyepesi zaidi. Kompresheni sikuigusa.

Kilomita 500 za kwanza nilikwenda polepole, nikamwaga oili. Baadaye nikakaza hedi upya injini ikiwa baridi, bolti moja moja kwa mpangilio wa kitabu.

Sasa foleni ya Nyali ikikwama, mshale wa joto hupanda, feni ikanguruma, ukashuka. Oili bado inadondoka kidogo nyuma ya kranki. Usiku naweka kadibodi chini.