Kufumbua Fumbo Gumu la Gazeti



Wengi wetu tunalijua fumbo la maneno la gazetini: mraba wenye visanduku vyeupe na vyeusi, maneno mengine yakienda kulia na mengine yakishuka chini. Mtu huanza na neno lililo rahisi, na herufi zake humsaidia kupata lile linalolikata. Fumbo la kwanza la namna hiyo lilitungwa na Arthur Wynne, likatokea katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Maswali yake yalikuwa ya wazi, kama haya tuliyozoea sisi: ukiulizwa jina la mnyama, unaandika jina la mnyama.

Waingereza walilipokea jambo hilo kutoka Marekani wakaligeuza. Katika magazeti yao, kama The Times na The Guardian, liko fumbo ambalo swali lake halisemi kile linachoonekana kusema. Mtu aliyesoma sana aweza kukaa nalo saa nzima asijaze hata kisanduku kimoja, akaamini kuwa limetungwa na mwenda wazimu. Hilo ndilo somo letu. Tutaona jinsi linavyofumbuliwa, kisha tumtazame kasisi mmoja wa Kianglikana aliyewatungia Waingereza mafumbo hayo kwa zaidi ya miaka 50.

Jambo la kushika kwanza ni hili: kila swali lina sehemu mbili. Sehemu moja, ambayo huwa mwanzoni au mwishoni, ni maana ya neno linalotakiwa, kama kamusi ingalivyosema. Sehemu ya pili ni njia ya kulipata neno lile lile kwa herufi zake. Mtunzi ameziunganisha zisomeke kama sentensi moja, nawe kazi yako ni kuona zinapoachana. Mwishoni huandikwa idadi ya herufi.

Maswali ya Kiingereza hayatafsiriki, kwa hiyo nimetunga machache kwa Kiswahili. Msiyadai yawe mazuri kama ya mafundi wenyewe. Chukua penseli.

"Simba Ruaha ameumeza ujumbe wa posta (herufi 5)."

Ukisoma upesi utamwona simba mbugani, na pengine utamhurumia mpeleka barua. Acha picha hiyo, maana ndiyo mtego. Maana ya neno ni "ujumbe wa posta". Neno "ameumeza" lakuambia kwamba jibu limo ndani ya maneno yaliyotangulia. Basi andika "Simba Ruaha" bila kuacha nafasi katikati: simBARUAha. Jibu ni BARUA, nayo ilikuwa mbele ya macho yako tangu mwanzo.

Jaribu la pili: "Amini hata ukivurugika; ndilo tegemeo la Mkristo (herufi 5)."

Hapa neno "ukivurugika" ndilo ishara. Linasema herufi za neno lililotangulia zivurugwe na kupangwa upya. Chukua A, M, I, N, I. Ukizipanga vingine utapata IMANI, ambalo ndilo tegemeo la Mkristo. Katika mafumbo haya, neno lolote la kuchanganya, kulewa, kuvunjika au kufanya fujo litilie shaka: huenda halisemi habari za mlevi hata kidogo, lasema habari za herufi.

La tatu ni fupi: "Mnyama juu ya nyumba (herufi 3)." Hapa njia ya pili ni maana ya pili. Mnyama ni PAA, na kilicho juu ya nyumba ni PAA. Lugha yetu ina utajiri mkubwa wa namna hii. Neno "kaa" peke yake lina kaa la moto, kaa wa pwani na kaa kitako. Hata wazee wetu waliotega vitendawili jioni walijua kumpeleka msikilizaji njia isiyo yake huku ukweli ukiwa wazi mbele yake. Sijui kwa nini magazeti yetu hayajawatafuta watunzi wa mafumbo haya. Lugha iko tayari.

Sasa wengine watasema kwamba huu ni udanganyifu. Swali hilo Waingereza nao walilijadili. Mwaka 1949 kasisi A. F. Ritchie, aliyetunga kwa jina la Afrit, alitoa kitabu cha mafumbo ambamo aliweka sharti ambalo watunzi wengi wamelishika. Kwa kifupi, mtunzi anaruhusiwa kukupoteza kwa sura ya maneno, lakini maneno yale yale, yakisomwa inavyopasa, ni lazima yakufikishe kwenye jibu kwa haki. Ukishindwa, kisha ukaona jibu, useme, "Kumbe nilikuwa nimeambiwa!" Ukiona jibu ukabaki huelewi, kosa ni la mtunzi. Ndiyo maana mfumbuaji anavumilia: anajua kwamba mtu aliye upande wa pili anataka apatikane.

Basi tuje kwa Padre John Graham. Alizaliwa Oxford mwaka 1921. Wakati wa vita aliacha masomo yake Cambridge akatumika katika Jeshi la Anga, kisha akarudi kusoma theolojia na kupewa daraja la ukasisi. Mwaka 1958 alianza kutunga mafumbo kwa gazeti la Manchester Guardian, ambalo mwaka uliofuata liliitwa The Guardian. Mwaka 1970 watunzi wa gazeti hilo walipoanza kutumia majina ya kubuni, yeye alichagua Araucaria. Hilo ni jina la kitaalamu la mti wa Chile wenye majani makali, ambao Waingereza huuita fumbo la nyani, kwa kuwa hata nyani angeshangaa aupandeje. Mti huo huitwa pia Chile Pine. Alipotungia Financial Times, alizivuruga herufi hizo akajiita Cinephile. Hesabu mwenyewe, utaona hakuna iliyopotea.

Fumbo lake moja lasifiwa hata leo. Jibu lilikuwa jina la shairi la Rupert Brooke kuhusu nyumba ya zamani ya kasisi katika kijiji cha Grantchester. Padre Graham alizipanga upya herufi zake zote 26 zikatoa maneno ya mzaha juu ya Lord Archer, mwanasiasa na mwandishi ambaye ndiye aliyekuwa akiishi katika nyumba ile ile!

Maisha yake hayakuwa mchezo wakati wote. Katika miaka ya mwisho ya 1970 ndoa yake ilivunjika, akaacha utumishi wa mtaa, na mafumbo yakawa ndiyo riziki yake. Baada ya kifo cha mkewe wa kwanza alirudishiwa ruhusa ya kuendesha ibada.

Kisha, tarehe 11 Januari 2013, wasomaji wa The Guardian walifungua fumbo la Araucaria kama kawaida. Juu yake palikuwa na maelezo kwamba Araucaria ana namba 18 ya namba 19, na kwamba anatibiwa kwa namba 13 na 15. Wakaanza kujaza, mmoja nyumbani, mwingine ndani ya treni. Namba 18 ilikuwa saratani. Namba 19 ilikuwa umio, yaani njia ya chakula. Namba 13 na 15 zilikuwa huduma ya kumtuliza mgonjwa ambaye hatarajiwi kupona. Kila mmoja aliipata habari hiyo kwa mkono wake mwenyewe, herufi baada ya herufi, kutoka kwa mzee wa miaka 91 ambaye wengi wao hawakuwahi kuuona uso wake. Barua nyingi zilimfikia. Aliendelea kutunga, akafariki tarehe 26 Novemba mwaka ule ule.

Nawaachia swali moja la kufanya nyumbani. Likikushinda, mwulize Mzanzibari yeyote aiitaje Tanganyika.

"Tanganyika mara mbili, na hapo ndipo magari hupita (herufi 8)."