Kazini kwako, nani mwenye neno?

Ndugu zetu wa Joburg, kabla hujaahidi nyumbani utatuma randi ngapi, isome kwanza kazi yako inavyoendeshwa.

Kwenye saiti kubwa za Sandton, karatasi ndiyo bosi. Unasaini kuingia, unasaini kutoka, na ovataimu ambayo haikuandikwa utaihangaikia sana. Huko uliza tu kila siku: "Masaa yangu yameingia?" Hakuna atakayenuna, ndivyo walivyozoea.

Kwa kontrakta mdogo, mwenye pikapu ndiye sheria. Anakulipa Ijumaa mkononi, na hesabu yako iko kichwani mwake. Weka daftari, halafu mtumie siku zako kwa WhatsApp kila wiki. Usimdai mbele ya vijana wake, ataona umemvunjia heshima.

Kazi za ndani ndizo zenye mtego. "Wewe ni mtoto wetu hapa," madam anasema, na Jumapili yako imekwenda. Wema huo mara nyingi ni wa kweli, wengine wetu tumeuguzwa na hao hao. Lakini Jumapili isiyo siku yako ya kawaida hulipwa mara mbili, mtoto au si mtoto.

Na siku ukifukuzwa, undugu huo huo unakufanya ungoje apoe. Mwenzetu mmoja alingoja miezi miwili. Kumbe malalamiko ya kufukuzwa hupelekwa CCMA ndani ya siku 30. Ni bure, na kukosa kibali cha kazi hakukuzuii kwenda.